Wanawake Walioketi Katika Viti vya Uongozi, na Yaliyowashika Wasianguke

Katika kitabu hiki cha jubilei mtasoma habari nyingi za waliotutangulia: waliojenga makanisa, waliofungua shule, waliokwenda kwa miguu safari za siku nyingi. Sisi tumepewa kazi ya kuandika habari za wanawake waliopata mamlaka katika nchi zetu hizi. Tumeipokea kwa furaha, walakini hatutaki kuhesabu majina tu, na kusema kwamba fulani alikuwa wa kwanza kwa hili, na fulani wa kwanza kwa lile. Kuwa wa kwanza ni habari ya siku moja, na kesho yake kazi yaanza. Sisi tumetaka kuuliza neno lisiloulizwa sana siku za sikukuu. Mwanamke akiisha kukalishwa kitini, ni nini kilichomwezesha kukaa? Na yule aliyeondoka, ni nini kilichomwondoa?

Swali hili lawahusu walimu na wazee wa mitaa, kwa kuwa jambo hili twaliona kila mahali. Mwanamke achaguliwa kuwa mwenyekiti wa halmashauri, na watu wapiga vigelegele. Mwaka haujaisha, amejiuzulu. Ndipo husikia watu wakisema, "Twalijua tangu mwanzo, kazi hii haiwafai wanawake." Ni wachache waulizao alipewa nini cha kufanyia kazi.

Tuanze na Wangu wa Makeri, wa Weithaga katika Murang'a, nchi ya Wakikuyu. Mwaka wa 1902, chini ya chifu mkubwa Karuri wa Gakure, Wangu aliwekwa kuwa mkuu wa watu wake, jambo ambalo halikuwa desturi ya Wakikuyu wakati ule. Serikali ya Waingereza ilitaka kodi, na Wangu alikuwa mkali katika kuikusanya. Wazee husimulia kwamba wanaume walioshindwa kulipa aliwainamisha akaketi juu ya migongo yao kama juu ya kiti. Kama ni kweli yote au imetiwa chumvi, habari ile yaonyesha jinsi wanaume walivyoliona jambo lenyewe: walihisi uzito wake mgongoni.

Hata ilipofika mwaka wa 1909 Wangu akaondoka katika kazi. Sababu isimuliwayo ni kwamba aliingia katika ngoma ya kibata, ambayo ilikuwa ngoma ya wanaume, akacheza, na aibu ikawa kubwa. Basi na tutazame. Wakuu wanaume wa zamani zile walicheza ngoma, walikunywa pombe, walioa wake wengi kwa mali ya wale waliowatawala, wala hatusikii kwamba ngoma ya siku moja iliwatoa katika cheo. Wangu alikuwa na nguzo moja tu ya kumtegemeza, nayo ni neno la mkubwa aliyemweka. Ukoo haukuwa umemchagua, wala hapakuwa na mwanamke mwingine barazani wa kusema, "Mwacheni, mbona fulani naye alicheza?" Mtu mwenye nguzo moja huanguka kwa kosa moja.

Mbali na huyo alikuwa Mwami Theresa Ntare, aliyetawala Heru katika nchi ya Buha, upande wa Kasulu, tangu mwaka wa 1946. Yeye alikuwa na nguzo iliyochimbiwa chini kabisa, maana kiti kilikuwa cha ukoo wake, na Waha walijua adabu ya kumpa mwami, awe mwanamume au mwanamke. Hakuwa na haja ya kuthibitisha kila asubuhi kwamba astahili kuwapo. Aliendelea kutawala mpaka serikali ya Tanganyika, baada ya uhuru, ilipoondoa mamlaka ya machifu wote pamoja. Nguzo ya ukoo ni imara, illa watoto wengi wa kike hawazaliwi katika nyumba ya mwami. Hao walihitaji njia nyingine, na njia hiyo kwa muda mrefu ilikuwa shule.

Hapa hatuwezi kupita bila kutaja Mbweni, kusini ya mji wa Unguja. Huko misheni ya vyuo vikuu ilikuwa na shule ya wasichana waliokombolewa katika utumwa, na tangu 1877 mpaka 1902 mkubwa wake alikuwa Bibi Caroline Thackeray. Hesabuni: miaka 25 katika kiti kimoja. Alikuwa na nyumba, alikuwa na mali yake mwenyewe, hakuwa na mume wa kumwomba ruhusa, na misheni yake ilimheshimu. Alipoacha kazi hakuondoka Unguja, na alizikwa pale pale Mbweni mwaka wa 1926. Wasichana aliowafundisha walijua kusoma, kushona na kufundisha, na wengi wao waliolewa na walimu na mapadre, wakaenda nao bara. Huko walifundisha wanawake na watoto. Walakini tukifungua habari za kale, mara nyingi twawakuta wametajwa kuwa mke wa mwalimu fulani au wa padre fulani. Elimu ilikuwa ile ile iliyowafanya wengine kuwa wakubwa wa shule. Kiti ndicho hakikuwapo.

Tusidhani kwamba desturi hii ilizaliwa Afrika. Huko Uingereza kwenyewe, ambako shule zetu zilipata taratibu zao, wilaya nyingi zilikuwa na kanuni kwamba mwalimu mwanamke akiolewa ni lazima aache kazi. Alifundishwa kwa gharama ya nchi, akakomaa katika darasa, akawa karibu ya kufanywa mkuu, ndipo akaolewa, na yote yakapotea. Kanuni hiyo iliondolewa kwa sheria ya elimu ya mwaka wa 1944, na katika ofisi za serikali ya Uingereza iliondolewa mwaka wa 1946. Si kwamba wanawake wale hawakuweza kazi. Waliiweza, kisha mlango ukafungwa nyuma yao kwa sababu wamevaa pete.

Sasa twafika kwa Bibi Titi Mohamed, na hapa twataka kukaa kidogo, kwa kuwa habari zake zina mafundisho kuliko za wengine wote. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1926. Shule alisoma miaka michache tu. Alijulikana mjini kwa sauti yake, maana alikuwa mwimbaji katika chama cha ngoma kilichoitwa Bombakusema. Chama cha TANU kilianzishwa Julai 1954, na mwaka uliofuata alikuja mgeni kutoka Uingereza, Bwana John Hatch wa chama cha Labour, akauliza, wanawake wa chama hiki wako wapi? Viongozi wakatazamana. Ndipo Bibi Titi alipoitwa akawekwa kuwaongoza wanawake.

Yaliyofuata yaliwashangaza wenye elimu. Katika miezi michache wanawake wapata 5,000 waliandikishwa. Alifanyaje? Hakuanza kwa kuandika barua wala kubandika matangazo. Alikwenda kwa viongozi wa vyama vya ngoma, wale wanawake wa lelemama waliokuwa na daftari zao, michango yao, sare zao, vyeo vyao, na desturi yao ya kuzikana na kuozana. Jeshi lile lilikuwapo tayari mjini, ila wanaume walikuwa wakiliona kuwa ni mchezo wa wanawake. Bibi Titi alipopanda jukwaani hakuwa peke yake, maana nyuma yake walikuwapo wanawake waliompikia, waliomchangia nauli, waliomjibia waliposikia akitukanwa sokoni. Mwanamke kusimama mbele ya wanaume na kusema, katika mji ule na miaka ile, lilikuwa jambo la kutukanwa. Alilistahimili kwa sababu waliolistahimili pamoja naye walikuwa maelfu.

Uhuru ulipokuja, akawa mbunge na waziri mdogo, na mwaka wa 1962 akawa kiongozi wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Ilionekana amepanda. Walakini sisi twaona kwamba hapo ndipo nguzo zilipoanza kupungua. Ofisini lugha ilikuwa Kiingereza na majalada, naye silaha yake ilikuwa Kiswahili na sauti. Wale wanawake wa ngoma hawakuingia naye ofisini. Hatujaona kwamba kulikuwa na mpango wowote mkubwa wa kumfundisha kazi ile mpya, kama walivyopelekwa ng'ambo vijana wengi wanaume waliotarajiwa kuwa wakubwa. Mwaka wa 1965 alishindwa katika uchaguzi huko Rufiji.

Mwaka wa 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, ambalo lilisema kwamba kiongozi asiwe na mishahara miwili, wala asiwe na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, akajiuzulu. Hatuandiki haya kulilaumu Azimio, maana makusudi yake yalikuwa kuzuia viongozi wasiwanyonye watu, na wengi walilipenda kwa hilo. Ila tufikiri kidogo. Kwa mwanamume msomi, mwenye mshahara mkubwa na shahada ya kumpatia kazi nyingine, nyumba ya kupangisha ilikuwa ziada. Kwa mwanamke wa mjini asiye na shahada, nyumba ndiyo iliyokuwa akiba ya uzee wake. Sheria moja ikawaangukia watu wawili, mmoja ikamgusa bega, mwingine ikamvunja. Tangu zamani wanawake wa pwani wamejua kwamba mume aweza kuondoka, na cheo chaweza kuondoka, bali nyumba haiondoki.

Baadaye yalimpata makubwa zaidi: alishtakiwa kwa uhaini katika kesi iliyoanza mwaka wa 1970, akahukumiwa kifungo cha maisha, akafunguliwa mwaka wa 1972. Kesi ile si kazi yetu kuihukumu hapa. Aliishi miaka mingi kimya, akafariki Novemba 2000. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake, na madereva wanalitaja kila siku.

Wakati huo huo alikuwapo Lucy Lameck wa Moshi, aliyezaliwa mwaka wa 1934. Huyu alisomea uuguzi, akajifunza kazi ya ukarani, akafanya kazi katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kisha akasoma katika chuo cha Ruskin kule Oxford. Akawa waziri mdogo kwanza wa ushirika na maendeleo, kisha katika wizara ya afya mpaka 1972. Hatusemi kwamba alikuwa bora kuliko Bibi Titi, na kama twapima ushujaa twaweza kusema kinyume. Twasema alikuwa na kitu mkononi ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Alipoitwa katika kikao cha hesabu za ushirika alizisoma hesabu mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hulazimika kusikilizwa hata na wasiompenda.

Hata hivyo, mawaziri kamili wanawake hawakupatikana upesi. Ilikuwa mwaka wa 1975, miaka 14 baada ya uhuru, ndipo Tabitha Siwale na Julie Manning walipoingia katika baraza la mawaziri. Mwaka huo huo wa 1975 aliingia bungeni binti mmoja wa Njombe, jina lake Anna Makinda. Hakuna aliyepiga tarumbeta. Alikaa, akajifunza kanuni za bunge, akawa waziri, akawa mbunge wa jimbo la Njombe Kusini, akawa Naibu Spika mwaka wa 2005. Mwaka wa 2010 Chama cha Mapinduzi kilipoamua kwamba safari ile Spika awe mwanamke, kiliweka mbele majina matatu, yote ya wanawake: Anna Makinda, Anna Abdallah na Kate Kamba. Wengine walinung'unika kwamba ni upendeleo. Walakini tunawauliza, majina yale matatu yalitoka wapi? Yalitoka kwa watu waliodumu. Kama Makinda angaliondoka mwaka wa 1980, kwa kuchoka au kwa kusengenywa, mwaka wa 2010 kungalisemwa, kama isemwavyo mahali pengi, kwamba wanawake wenye uzoefu hawapatikani.

Kadhalika Gertrude Mongella wa Ukerewe. Huyo alikuwa mwalimu, na walimu wetu wafurahi. Alitoka kisiwani angali mtoto kwenda kusoma kwa masista wa Maryknoll, akafundisha katika chuo cha ualimu cha Chang'ombe, akawa waziri, akawa balozi India. Mwaka wa 1995 akawa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake huko Beijing, na tangu 2004 mpaka 2009 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Ukiyapanga yote waona kila ngazi ilishikana na nyingine, wala hakuna mahali alipoachwa miaka kumi bila kazi ya kumkuza.

Juu ya viti maalum vya wanawake bungeni mengi yamesemwa. Mwaka wa 1985 vilikuwa 15. Siku hizi katiba yataka visipungue 30 kwa mia ya wabunge. Wako wavipendao na wavidharauo. Sisi twasema kwamba kiti maalum ni ngazi, na ngazi hufaa kwa kupandia. Mwanamke akiachwa juu yake maisha yake yote, bila jimbo, bila watu wa kumpigia kura yeye mwenyewe, amewekwa mahali ambapo waliomweka waweza kumshusha wakati wowote, kama Wangu. Wengine wameitumia kupanda. Samia Suluhu Hassan alianza kazi mwaka wa 1977 akiwa karani Zanzibar. Akaolewa, akazaa watoto, akarudi masomoni Mzumbe akapata stashahada mwaka wa 1986, akasoma tena Uingereza. Aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka wa 2000 kwa kiti maalum, na mwaka wa 2010 akachaguliwa mbunge wa jimbo la Makunduchi kwa kura za watu wenyewe. Akawa Makamu wa Rais mwaka wa 2015, na tarehe 19 Machi 2021, baada ya kufariki Rais John Magufuli, akaapishwa kuwa Rais. Mambo ya siasa tunawaachia wenye siasa. Linalotuhusu sisi ni kwamba mtu aliyekuwa karani aliruhusiwa kurudi shuleni mara kadha wa kadha, akiwa mke na mama, na kazi ikamngoja.

Hata katika makampuni na ofisi za biashara jambo ni lile lile, na mfano ulio wazi watoka mbali, katika nchi ya Norwei. Bunge la huko lilitunga sheria mwaka wa 2003 kwamba katika halmashauri za makampuni makubwa ya hisa, wanawake wasipungue 40 kwa mia; na kampuni isiyotii mpaka mwanzo wa 2008 yaweza kuvunjwa. Mwaka wa 2002 walikuwa wapata 6 kwa mia, na kufika 2008 walikuwa wametimia 40. Makampuni mengine yalijigeuza yawe ya namna nyingine ili kuikwepa sheria. Lakini twataka mwangalie hili: viti vya halmashauri vilijaa, na viti vya mameneja wakuu, wale waamkao kila siku kuendesha kazi, vilibaki kwa sehemu kubwa vya wanaume. Sheria yaweza kumwita mtu kwenye mkutano wa mara chache kwa mwaka. Kumfikisha kwenye meza ya meneja mkuu ni kazi ya miaka ishirini, nayo huanzia pale anapozaa mtoto wa kwanza. Wanorwei walilijua hilo kwa sehemu, maana tangu 1993 waliweka majuma manne ya likizo ya uzazi yawe ya baba peke yake, na asipoyatumia yapotee.

Chama cha waajiri cha huko kilianzisha pia mafunzo ya kuwatayarisha wanawake wa kazini kwa uongozi, na mfano wake ukachukuliwa na Chama cha Waajiri Tanzania, kwa jina la Mwanamke Kiongozi. Mwajiri mwenyewe humtaja mfanyakazi wake, humlipia, na hivyo hujifunga mbele ya watu kwamba amemwona. Twalipenda hilo. Mwanamke aliyetajwa na mkubwa wake hadharani si rahisi kusahauliwa vyeo vinapogawanywa.

Na sheria yetu sisi? Sheria ya ajira ya mwaka wa 2004 yampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa mapacha. Akirudi kazini, yampa nafasi ya kumnyonyesha mtoto wake mpaka saa mbili kwa siku katika wakati wa kazi. Walimu wengi hawalijui hilo la kunyonyesha. Tumewauliza wakuu wa shule katika mitaa yetu, na wengine walicheka wakidhani twafanya mzaha. Baba naye apewa siku tatu, na siku tatu hazitoshi hata kujua kuoga mtoto kunakwendaje.

Ila sheria haijengi nyumba. Yuko mwalimu mkuu mwanamke katika shule moja ya kijijini tuijuayo. Kabla yake walipita wanawake wawili, na wote wawili waliomba uhamisho kabla ya miaka miwili kutimia. Kijiji kikasema ni udhaifu. Alipofika huyu wa tatu, mama mmoja mzee wa halmashauri ya shule aliomba ruhusa ya kusema, akauliza kama kuna mtu barazani anayejua wale wawili walikuwa wakilala wapi. Wakanyamaza. Walikuwa wamepanga chumba ng'ambo ya mto, na wakati wa masika, kurudi jioni na daftari za shule kichwani na mtoto mgongoni, maji yalifika kiunoni. Wanaume waliotangulia katika cheo kile walikuwa wenyeji, kila mmoja na nyumba yake na mke wa kumpikia.

Wazazi walifyatua matofali mwaka ule wa njaa, wanawake wakachota maji ya udongo, mafundi wawili wakajenga kwa nusu ya ujira. Nyumba iko hatua mia mbili kutoka darasa la kwanza, ina vyumba vitatu na tangi la maji ya mvua, na mwalimu yule sasa yumo katika mwaka wake wa tisa.